Herufi Saba

“Mafuta ya taa?” aliuliza fundi mihuri.

“Elfu mbili na mia nne kwa wiki,” akajijibu.

“Mwaka wa nyuma yake tulinunua kwa ngapi?”

“Elfu moja na mia nane.”

“Sasa, kuna mtu anayanywa humu ndani?”

Hakukuwa na wa kucheka. Swali hilo la mwisho lilikuwa la mkewe, na mkewe alikuwa ameingia mwaka wa pili kaburini. Enzi zake, asubuhi ya tarehe mbili Januari, kabla mtu hajaenda kazini, walikaa kwenye meza hii hii, mke kashika kalamu, mume kashika bahasha ya risiti, wakafunga daftari la nyumba. Mume alisoma, mke aliandika. Kila bei iliyopanda, mke aliuliza kama humu ndani kuna mtu anayekunywa mafuta, anayetafuna sabuni, anayelala na gunia la mkaa. Sasa fundi alifanya kazi zote mbili. Aliuliza kwa sauti na kujibu kwa sauti, kwa sababu mwaka uliotangulia alijaribu kimya kimya akakosea kujumlisha mara tatu.

Kurasa za mwanzo za daftari zilikuwa za mkono wa mke, herufi za mviringo zilizoshikana mikono. Halafu mkono ukabadilika. Fundi aliandika kwa herufi kubwa tupu, kila moja imesimama peke yake kama askari wa zamu. Ndivyo kazi ilivyomzoesha.

“Deni la duka?”

“Hakuna.”

“Maji?”

“Yamelipwa.”

“Kodi?”

“Imelipwa mpaka Disemba. Risiti hizi hapa.”

Akapiga mistari miwili chini ya ukurasa. Akaitazama. Tangu msiba, hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka kufungwa bila kudaiwa na mtu. Akainua macho kwenye kiti cha pili, akayarudisha chini.

Ndani ya kopo la maziwa ya unga mlikuwa na bahasha mbili. Moja ilikuwa ya kodi ya Januari, elfu hamsini na tano. Ya pili iliandikwa NAULI, na ndani yake elfu mia na sabini na mbili. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, safari ya siku mbili kwa basi, na huko alikuwa amezaa. Mjukuu alikuwa na miezi kumi na minne. Fundi hakuwa amemtia machoni. Alimjua kwa pumzi tu, pumzi ya mtoto anayelamba simu. Mwaka mzima alikuwa amekata kidogo hapa kidogo pale, chai bila sukari siku za juma, viatu vikashonwa badala ya kununuliwa, mpaka bahasha ikatosha kwenda, kurudi na kubeba zawadi. Basi lilikuwa la Jumamosi.

Mlango uligongwa kwa funguo. Hakukuwa na hodi, na kwa hilo alijua ni nani.

Mkusanya kodi wa mwenye nyumba alikuwa kijana mnene, shati limepigwa pasi, shada la funguo kiunoni. Jina lake la kweli alilijua mama yake. Wapangaji walimwita Komeo.

“Fundi, heri ya mwaka mpya.”

“Na kwako pia. Mbona mapema hivi? Kodi ya mwezi huu ipo, kesho nakuletea.”

“Ya mwezi huu, sawa. Na ya nyuma?”

“Nyuma ipi?”

Komeo akampa karatasi. Fundi aliisoma polepole, midomo ikicheza. Ilisema mpangaji wa chumba namba nne anadaiwa kodi ya miezi mitatu, Oktoba mpaka Disemba, jumla elfu mia na sitini na tano. Asipolipa ndani ya siku saba, chumba kitafungwa na vyombo vitatolewa nje. Juu yake palikuwa na tarehe: ishirini na sita, Disemba.

“Leo ni tarehe mbili,” fundi alisema.

“Ndiyo. Siku saba zinaisha leo. Saa kumi na moja jioni.”

“Lakini ndiyo kwanza unaniletea!”

“Niliiandika siku ile. Nilikuja sikukuta mtu.”

“Mimi nakwenda wapi, bwana? Mimi nina pa kwenda?” Fundi akamwaga risiti mezani. “Oktoba hii. Novemba. Disemba. Sahihi yako hii hapa. Umekula nini leo?”

Komeo hakuzigusa. “Soma muhuri.”

“Kodi imepokewa.”

“Kodi gani?”

Fundi akapitisha kidole juu ya wino: neno la kwanza, neno la pili, mwaka.

“Mwenye nyumba alikuwa anadaiwa kodi ya jengo kule halmashauri,” Komeo alisema, kwa sauti ya mtu aliyeyasema hayo hayo milango mitatu kabla ya huu. “Fedha mliyotoa miezi ile imekwenda huko. Kodi ya jengo imepokewa, tunashukuru sana. Kodi ya pango bado.”

“Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo!”

“Nani analitumia jengo? Yeye hajalala humu hata usiku mmoja. Halafu, Fundi, tusije tukagombana mbele, kuanzia mwezi huu chumba ni elfu sitini na tano. Wapo watu wanatoa tisini, wanasubiri nje na magodoro yao.”

Akatoka. Baada ya muda funguo zikagonga mlango wa pili, kwa mama mshonaji. Cherehani iliyokuwa ikikimbia tangu alfajiri ikasimama.

Fundi alipotoka akiwa na daftari na risiti kwapani, mama huyo alikuwa kwenye korido, futi ya kupimia ikining’inia shingoni, karatasi yake mkononi. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo maneno yalitoka moja moja.

“Umeiona hii balaa?”

“Nimeiona.”

“Watoto wanarudi shule wiki ijayo. Nitauza nini, mimi? Niuze cherehani, halafu nishone kwa meno?” Akazipunga risiti zake tatu. “Kodi, kodi! Huu muhuri nani kauchonga? Mkono wake unyauke!”

Fundi akatazama sakafu. Angeweza kunyamaza.

“Ni mimi, dada.”

Mama mshonaji akamtazama kama anayemchukulia vipimo.

“Haya, ndugu yangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo tulivyofundishwa. Sasa sisi wengine umetuvutia nini humo?”

Njia nzima ya kwenda halmashauri neno hilo lilitembea naye.

Kweli ilikuwa hivi. Mkusanya kodi wa zamani, mzee mmoja mwenye kikohozi, aliandika risiti zake kwa mkono: kodi ya pango, chumba fulani, mwezi fulani. Ikasemwa anakula hela. Mwenye nyumba akamfukuza, akamweka Komeo, akatoa amri kwamba risiti isiyo na muhuri si risiti. Mwisho wa Septemba Komeo akaja kwenye meza ya fundi kutengenezewa. Alitaka KODI YA PANGO IMEPOKEWA, na mwaka chini yake. Fundi alihesabu herufi na tarakimu, zikawa ishirini na nne, kila moja mia nne. Komeo akalalamika. Fundi alikuwa na njaa, na kidole gumba kilikuwa kinamuuma. Akasema, na sasa aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kama mbwa aliyefukuzwa: “Toa hiyo YA PANGO, bwana. Kodi ni kodi. Nani asiyejua analipia nini?”

Herufi saba. Elfu mbili na mia nane. Na siku ile alijiona muungwana, kampunguzia kijana gharama.

Halmashauri, dirisha la kodi ya majengo lilikuwa na foleni fupi, maana mwaka mpya watu huwa bado wanajificha. Karani alikuwa dada wa makamo mwenye miwani ya kamba, na mbele yake muhuri wa tarehe aliokuwa akiugongagonga mezani.

“Ah, Fundi! Mungu kakuleta. Hiki kidude kimegoma. Siku inageuka, mwezi unageuka, mwaka umeng’ang’ania ule ule. Hebu kitazame.”

Fundi alikipokea. Aliwatengenezea mihuri wote mle ndani, miaka ishirini. Akachomoa pini kwenye ukosi wa shati, akaanza kuchokoa wino ulioganda kwenye mkanda wa mwaka.

“Dada, nina swali dogo. Kodi ya jengo, mpangaji anailipa?”

“Aa wapi! Mwenye jengo, mara moja kwa mwaka. Mpangaji anahusikaje?”

“Na hawezi kutozwa kila mwezi?”

“Nani huyo kakudanganya?”

Fundi akampa ilani na risiti kwa mkono mmoja, pini ikiwa mkono wa pili. Karani alisoma. Uso ukabadilika, ukawa wa ofisini.

“Hii ni ya pango, mzee. Pango sisi hatuhusiki.”

“Lakini anasema fedha yangu ililetwa hapa, ikalipiwa jengo. Nitazamie tu kama imelipwa.”

“Taarifa za mlipaji ni siri. Wewe siye mlipaji.”

“Kumbe! Yeye anasema mlipaji ni mimi.”

Karani nusura acheke. “Mzee, usiniponze.”

“Basi niandikie hayo uliyoyasema. Kwamba mpangaji halipi kodi ya jengo kila mwezi. Mstari mmoja, na muhuri.”

“Kukuandikia ni barua. Barua inaombwa kwa barua. Inajibiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi.”

“Mimi nimebakiwa na saa saba.”

“Nenda baraza la nyumba, ghorofa ya pili. Ada ya kufungua malalamiko ni elfu thelathini. Ila wasikilizaji wako likizo, kesi ya kwanza nafikiri ni Machi.” Akashusha sauti. “Na huo muhuri wenu, mzee, una kasoro. Kodi gani? Ukienda hivyo watakuuliza hilo hilo. Aliyeuandika alikuwa mvivu.”

Mkanda ukaachia. Mwaka mpya ukaruka mahali pake. Fundi akaupiga muhuri kwenye kipande cha karatasi: tarehe mbili, Januari, mwaka mpya, safi kama jicho la mtoto. Akamrudishia.

“Ahsante, Fundi wangu. Nitakuona,” karani alisema, akaugonga kwenye karatasi ya mtu aliyefuata kwenye foleni.

Meza ya fundi ilikuwa ng’ambo ya barabara, chini ya ngazi za duka la vifaa vya ofisi. Meza, stuli mbili, kisanduku cha visu, gundi, pedi za wino, na taa ndogo yenye shingo ndefu. Januari ndiyo mavuno yake. Kila mwenye muhuri uliochongwa mwaka alitakiwa kuubadilisha, na mashine za mjini, zilizotoa muhuri kwa dakika kumi, zilitoza elfu ishirini. Wabahili na wanyonge walikuja kwake.

Kazi hii ilimpata kwa njia ya ajabu. Darasa la nne alikuwa anaandika herufi zikitazama nyuma. Mwalimu alimchapa mwaka mzima zigeuke, hazikugeuka, akafukuzwa na kuitwa mzito. Mchonga mihuri mmoja akamkuta anachora jina lake kinyume kwenye vumbi, akasema, huyu ninamtaka. Kwenye mpira kila kitu huandikwa nyuma mbele, ili kwenye karatasi kisomeke mbele.

Alipofika wateja watatu walikuwa wanamsubiri. Mhasibu wa shule, mtu wa mizaha, alimpokea kwa kelele.

“Fundi leo kachelewa! Au umeoa?”

“Nani atanipa mke? Nina wino mpaka kwenye kitovu.”

Wakacheka. Akachonga. Tarakimu nne za mhasibu, jina la daktari wa meno, muhuri wa chama cha kufa na kuzikana. Kufika saa saba alikuwa na elfu tisa mfukoni. Kichwani hesabu ilikuwa inajichonga yenyewe: miezi mitatu ya nyuma, mia na sitini na tano. Mwezi huu, sitini na tano. Jumla mia mbili na thelathini. Bahasha ya kodi na bahasha ya nauli pamoja, mia mbili ishirini na saba. Pungufu elfu tatu, na elfu tatu anayo. Kana kwamba mtu alikuwa amechungulia ndani ya kopo kabla ya kuandika ile ilani.

Asilipe? Kufuli lingewekwa leo. Machi angekuwa anasimulia baraza akiwa analala chini ya ngazi hizi, na kabati la mkewe limeanikwa uani. Mle chumbani mlikuwa na kila alichobakiwa nacho, hata kile kiti.

Komeo akatokea, akavuta stuli bila kukaribishwa.

“Mwaka umekwisha, muhuri umezeeka. Nitengenezee mpya. Maneno yale yale, mwaka huu chini yake.”

Fundi akautazama muhuri mkononi mwa kijana yule. Mpini wa mti aliuchonga yeye.

“Herufi ni mia tano sasa. Mpira umepanda.”

“Hata wewe unapandisha!”

“Kumi na saba mara mia tano. Elfu nane na mia tano.”

“Unataka kuninyonya damu. Haya, nauhitaji saa kumi. Saa kumi na moja napita vyumbani kukusanya, na bila muhuri mwenye nyumba hakubali risiti yangu hata moja. Na deni lako?”

“Saa kumi utalipata hapa hapa.”

“Lote?”

“Lote.”

Komeo akampiga bega kama rafiki. “Unaona? Ungekuwa unaongea hivi tangu asubuhi. Mimi sina ubaya na wewe, Fundi. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia kodi ni kodi.”

Kama ilivyo desturi ya kazi, fundi akang’oa mpira wa zamani kwenye mpini ili mpini utumike tena. Ukatoka na kipande cha gundi. Komeo akaondoka akipiga mluzi.

Kabla ya kuanza, fundi alipanda ngazi mpaka pa upepo, akapiga simu.

“Baba! Umeshakata tiketi?” Sauti ya binti ilikuwa ya mtu anayefua au anayepika, mikono imejaa.

“Ndiyo nakupigia, mwanangu. Kazi imekuwa nyingi. Januari kila ofisi inataka mwaka wake.”

Binti akaweka chini alichokuwa ameshika.

“Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, baba.”

“Mwaka jana pia ilikuwa Januari.”

“Ni hela? Niambie kama ni hela. Mimi na mwenzangu tunaweza—”

“Hela ipo. Nyie kuleni. Ni kazi tu.”

“Nilishatandika kitanda,” binti alisema. Halafu, kwa sauti nyingine, ya kumbembeleza mtu, “Haya, msemeshe babu. Sema babu. Ba-bu.”

Ikaja ile pumzi. Fundi akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja ili magari yasiisumbue. Pumzi ikaja, ikaenda, kikafuata kishindo cha simu kuanguka, na salio likaisha.

Akashuka. Akakata kipande cha mpira. Akachora mistari kwa penseli, akashika kisu.

Muhuri huchongwa kuanzia mwisho wa maneno, maana kila kitu kimegeuka. Alianza na A ya mwisho ya IMEPOKEWA. A zake zilikuwa na alama: mstari wa katikati aliushusha chini kidogo, kama mkanda wa mwanamume mwenye kitambi. Kila A ya wino iliyokuwa ikizunguka kwenye ofisi zile ilivaa mkanda chini, na hakuna aliyewahi kugundua isipokuwa mkewe. Akaimaliza A. Akachonga W, akachonga E. Polepole akarudi nyuma mpaka I ya mwanzo. Sasa ilikuwa zamu ya KODI.

Kisu kikasimama.

Ndipo alipoona kwamba mpira aliokata ulikuwa mrefu kuliko ulioagizwa. Mkono ulikuwa umeshaamua kabla ya kichwa. Mteja mmoja akaja, akauliza bei, akaondoka. Fundi alifikiria futi iliyoning’inia shingoni mwa mama mshonaji, na jinsi alivyomtazama. Alikuwa bado anazo saa mbili.

Akainamisha taa. Akachonga O, halafu G, halafu N, halafu A yenye mkanda chini, halafu P. Akapumzisha kidole gumba. Akachonga A nyingine, na Y.

Baada ya hapo, KODI ilichongeka kama siagi.

Saa kumi na robo Komeo alirudi, kijasho kinamtoka, kitabu cha risiti mkononi. Wateja wawili walikuwa kwenye foleni, na mmoja wao alikuwa yule mhasibu wa shule, aliyerudi kuchukua wa kwake.

“Umekwisha?”

Fundi akaupaka wino, akaupiga kwenye karatasi chakavu, akamsogezea.

Komeo akasoma. Akasoma tena.

“Hii nini?”

“Muhuri wako.”

“Nilisema maneno yale yale. Hii YA PANGO niliiagiza lini?”

“Hukuagiza. Herufi saba hizo sikudai. Chukulia zawadi ya mwaka mpya.”

“Ondoa.”

“Mpira si ubao wa shule, haufutwi. Nikikata katikati unafumuka wote.”

“Nipe ule wa zamani.”

Fundi akaonyesha kopo la takataka kwa kidevu. Mpira wa zamani ulikuwa vipande vinne. Alikuwa ameujaribia kisu.

“Basi chonga mwingine sasa hivi!”

“Foleni unaiona. Jumatatu. Au nenda kwenye mashine, elfu ishirini, nasikia wana umeme mpaka saa kumi na mbili.”

“Wewe mzee unanichezea shere?” Komeo alisimama, funguo zikalia. “Unajua naweza kukutoa mle ndani leo?”

“Kwa lipi? Hela yako hii hapa.” Fundi akaweka bahasha mbili mezani, akaongeza elfu tatu juu. “Hesabu. Mia na sitini na tano ya nyuma, sitini na tano ya mwezi huu. Unaidai kodi ya pango, mimi nalipa kodi ya pango. Muhuri unasema pango. Tatizo liko wapi?”

Mhasibu wa shule aliinamia karatasi iliyopigwa muhuri.

“Mbona iko sawa hii, kijana? Imenyooka. Wewe ulitaka iseme kodi ya nini?”

Komeo akamtazama, akamtazama fundi, akatazama saa. Vyumba saba vilikuwa vinamsubiri, na mwenye nyumba akisubiri fedha usiku huo. Akahesabu noti akilamba kidole kila mara kana kwamba anazipiga. Akaandika risiti mbili. Fundi akangoja mpaka kijana akaandika Oktoba, Novemba na Disemba kwa maneno. Kisha muhuri ukashuka mara mbili, kwa hasira, ukaacha wino mzito.

KODI YA PANGO IMEPOKEWA.

Malipo ya kazi alitupa elfu nane. Mia tano akaigomea.

“Nitakukumbuka, Fundi.”

“Utanikumbuka tu. Niko kwenye kila risiti yako.”

Kijana akaenda, funguo zikilia mpaka kona. Mhasibu akacheka, akasema Fundi ana vituko, akachukua muhuri wake, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza ile hela ilikuwa ya nini. Angeulizwa, angesema ilikuwa hela tu.

Saa kumi na moja duka la vifaa lilishusha mlango wa chuma juu ya kichwa chake. Barabara ikajaa watu wanaokwenda makwao. Fundi akavuta daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika mwaka juu yake kwa herufi kubwa. Ukurasa wa nyuma yake, wenye mistari miwili ya furaha, aliuacha kama ulivyo. Ulikuwa wa kweli ulipoandikwa. Bahasha yenye neno NAULI ilikuwa tupu. Akaikunja mara mbili, akaiweka katikati ya daftari. Ikianza upya leo, ingejaa mjukuu akiwa anatembea na kujibu maswali.

Chini ya MATUMIZI akaandika mstari wa kwanza wa mwaka:

MPIRA, HERUFI SABA. 3,500.

Akautazama. Akasikia lile swali likija, akaona bora alitoe kwa sauti, hata kama wapita njia wangemdhania kichaa.

“Herufi saba? Kuna mtu anazitafuna humu ndani?”

Miaka yote lilikuwa swali la kuchekea, halikuwa na jibu. Akakumbuka njaa yake ya Septemba, akafunga kisanduku cha visu, akazima taa.

“Yupo,” akajibu.